Wale wa Kwa Kuwa

Jumapili, 7 Septemba

Mchungaji ameniachia kazi. Huja kwetu mara moja moja tu kutoka mji wa pili, na leo kabla ya kupanda basi alinipa daftari hili jipya, akaniambia niandike historia ya usharika wetu. Posta, mzee wetu aliyekuwa akipeleka barua, macho yamechoka, Mama Kinanda ana vidole vya kupigia kinanda tu, kwa hiyo nimebaki mimi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, ninachojua kuandika ni vipimo. "Basi tupime," akasema. Huwa hivyo. Hukutania akishajua umekubali.

Haya, nianze. Wazee wetu walioanzisha kanisa walikuwa wauza ngozi wachache na seremala mmoja. Walikuta mji mzima ni wa Kikatoliki, kuanzia wakubwa wa mji hadi wauza maji. Hawakupigwa na mtu. Ila hawakuuziwa kiwanja cha barabarani, na kengele walinyimwa. Ndiyo maana kanisa letu limejificha nyuma ya iliyokuwa karakana ya seremala, unapita kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Na ndiyo maana hadi leo ibada yetu huanza kengele za kanisa kuu zinaponyamaza. Tumetumia kengele yao miaka yote hii bila kuwaambia asante.

Mjini tunaitwa Wale wa Kwa Kuwa. Sala ya Bwana wao huikomesha kwenye maovu, Amina, wakaketi. Sisi tunaendelea: kwa kuwa ufalme ni wako, na yale mengine. Halafu kwetu kuna desturi ambayo sijaisikia kwingine. Anayeongoza hunyamaza akifika hapo, na waliobaki ndio wanaojibu. Ilianza zamani za kuchunguzwa. Mgeni akisimama mlangoni, kiongozi alinyamaza akasikiliza. Mgeni akijibu Kwa kuwa, huyo ni wetu, apewe kiti. Akisema Amina, alikaribishwa kwa heshima zote, na mahubiri ya siku hiyo yakawa juu ya faida za kuamka mapema.

Leo, baada ya mchungaji kuhubiri, Posta aliongoza sala. Mimi na Mama Kinanda tukajibu. Usharika mzima ndio huo.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa la kanisa linavuja pale pale pa mwaka jana.

Alhamisi, 18 Septemba

Padri alikuja dukani kupimwa kasula ya zambarau, lile vazi la juu la misa, aivae Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema mlangoni, kama kawaida yake. Nami kama kawaida yangu sikumjibu "milele amina". Nikamwambia karibu, padri, vua koti. Mchezo huu tumeucheza tangu alipohamia hapa, na nadhani angesikitika nikijibu.

Mavazi yote ya kanisa kuu nayashona mimi, baba yangu aliyashona kabla yangu. Mkono wangu umo katika kila misa ya mji huu, mwenyewe simo.

Leo alinichokoza. Akasema siku hizi na wao wanasema Kwa kuwa, wanaisema kwenye misa, sasa sisi tunaringia nini? Nikamwambia wanaisema baada ya yeye kuingiza maneno yake katikati, watu wakingoja, na wakiwa nyumbani au makaburini hawaisemi kabisa. Kwetu hakuna anayeingia katikati. Akacheka hadi pini ikamchoma ubavuni. Ni mtu mwema. Akishaondoka duka huwa kubwa kuliko kipimo chake.

Jumapili, 21 Septemba

Posta anahama. Mwanawe amemwita akaishi naye, mbali, na mkwewe ameshamtengea chumba. Alitutangazia baada ya ibada huku akifuta miwani isiyomsaidia tena. Huyu mtu amepeleka barua kwenye kila mlango wa mji huu, anajua mbwa wote kwa majina, wakiwemo waliokufa. Nilimtakia heri kwa maneno mazuri. Moyoni nilimkasirikia sana, na bado nina hasira naandika.

Mama Kinanda alirudi kwenye kinanda akapiga wimbo wa kufungia mara ya pili, beti zote.

Jumapili, 28 Septemba

Wawili. Nilitaka yeye aongoze, maana ndiye mkubwa. Akaniambia miguu yake iko kwenye mivukuto ya kinanda, mtu hawezi kukanyaga upepo na kuongoza watu kwa pamoja. "Simama, mwanangu. Hapa hakuna wa kukucheka, labda mimi."

Sijawahi kuongoza. Sauti yangu ni ndogo, ya kusemea na pini mdomoni. Nilijikaza. Nilipofika kwa yule mwovu nikanyamaza, na Mama Kinanda akajibu peke yake. Kumbe sikuwahi kumsikiliza, kwa kuwa kila mara nilikuwa nikijibu naye. Kwenye "utukufu" anapanda kama mtu apandaye ngazi, anapumzika katikati kuvuta pumzi, kisha anamalizia juu. Kifua chake si kizuri.

Jumanne, 30 Septemba

Nimepeleka ndoo kanisani, nikaitega chini ya paa. Mvua haina habari ya kuacha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kikohozi kimemlaza Mama Kinanda. Nilikwenda kumwona jioni. Anaishi kwa binti yake, ambaye mji mzima unamwita Mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa kuu, na kwa sababu hakuna kikao ambacho angekaa bila kukiongoza. Mama Kinanda aliolewa na Mkatoliki, watoto wote wakabatizwa upande wa baba. Kila Jumapili, kwa miaka yote, walitoka nyumba moja wakaachana njia panda.

Mwenyekiti alinikaribisha vizuri, chai, kiti cha karibu na dirisha, ila ana namna ya kuniita "fundi" inayonikumbusha kwamba nina kazi ya kurudi kufanya. Alipotoka kufuata sukari, mama yake akanishika mkono.

"Watanizika kutoka kanisa kuu," akasema. "Sina neno. Mume wangu amelala kule, na wanangu ni wa kule. Lakini makaburini wakifika pale pao pa kunyamaza, wewe usinyamaze."

Nikamwambia aache maneno hayo, kikohozi tu.

"Nisikilize. Posta hayupo. Mchungaji yuko ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Umebaki wewe wa kunijibia."

"Nitajibu, mama."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti."

"Siyo hiyo ya kuhesabia vifungo."

Mwenyekiti akarudi na sukari, tukazungumza habari za bei ya vitambaa. Sijui alisikia kiasi gani. Njiani nilijaribu kusema ile Kwa kuwa kwa sauti, mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaongeza mwendo.

Jumapili, 5 Oktoba

Amekuja! Binti yake alimshika mkono kichochoro kizima hadi mlangoni, akamwachia hapo. Mwenyekiti hajawahi kuvuka kizingiti chetu, utadhani kina umeme. Alisimama akiangalia hadi mama yake alipoketi kwenye mto wake, ule niliomshonea kwa masalio ya kitambaa cha zambarau. Nilipomshonea alisema ni mara yake ya kwanza kukalia rangi ya maaskofu.

Kinanda hakupiga. Alijibu akiwa amekaa. Kule kwenye ngazi ya utukufu alipumzika mara mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakuja.

Kengele ziliponyamaza nikaanza, maana sikujua la kufanya jingine. Nilisoma somo, nikaviombea viti. Nikaingia kwenye sala, nikafika kwa yule mwovu, nikanyamaza kama inavyotakiwa. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Nilingoja. Nilijua hakuna mtu, sijawa mwehu, lakini nilingoja. Kujijibu mwenyewe sikuweza. Kiongozi hajijibu. Ningefanya hivyo ningekuwa nimekiri kwamba tumekwisha.

Nikaiacha sala ilivyo, bila kuifunga, kama mshono usiotiwa fundo. Nikafunga mlango. Niliona upweke leo hata njaa sikuisikia.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama Kinanda amefariki alfajiri. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuniambia. Alisimama mlangoni mwa duka na mwavuli wazi, maji yanamdondokea begani, wala hakuyaona. Tulipeana mikono. Nilitaka kumuuliza juu ya makaburini, nikashindwa kuanza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mchungaji amepiga simu. Daraja limechukuliwa na maji, hafiki. Alisali nami Sala ya Bwana kwenye simu, na laini ikakatika kabla ya Kwa kuwa.

Padri naye alipita kujaribu kasula. Nilikuwa nimeazimia kumwambia yote: nimeahidi, nitasema, naomba nafasi. Nikazunguka pindo lote na pini mdomoni. Nilipomaliza pini, na yeye alikuwa amemaliza muda. Haya, ni kosa la pini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika na viatu vyenye tope.

Kanisa kuu lilijaa. Alikuwa amewafundisha kinanda watoto wa nusu ya mji, nao wamekuwa watu wazima wenye makoti mazito. Nilikaa nyuma ya nguzo, mahali pa mtu anayejua kwamba yuko ugenini. Mbele yangu kazi zangu zote zilikuwa zimekusanyika, stola ya padri, ule ukanda wa shingoni, kanzu za watumishi, kitambaa cha altare. Upindo mmoja wa kitambaa ulikuwa umefumuka, nikauona kutoka kule nyuma, nikaona haya. Nilishukuru kuwa na upindo wa kuuangalia, maana jeneza sikuweza.

Ikafika Sala ya Bwana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya makaburini. Kwenye misa nilijua mtu anatakiwa angoje, padri aseme maneno yake, ndipo wote waseme. Si mimi niliyemweleza dukani, nikijifanya mjuzi? Lakini kinywa changu hakijawahi kungoja. Tangu utoto wangu sala ile ikifika pale, mmoja hunyamaza, mimi hujibu. Basi walinyamaza, nikajibu. "Kwa kuwa ufalme ni wako," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sauti ilitoka nzima. Ilipanda hadi darini. Padri alikuwa ameshaanza maneno yake. Tukagongana katikati. Akaacha, nami nikaacha.

Vichwa viligeuka safu kwa safu. Nyuma yangu mtu akasema chini chini, "Ni yule fundi. Ni wale wa Kwa Kuwa." Wale! Niko peke yangu nyuma ya nguzo, na bado naitwa wale.

Padri alianza upya, kwa upole. Alipomaliza, kanisa zima likasema Kwa kuwa, wazee, watoto, wenye makoti, neno kwa neno. Mtu mmoja tu humo ndani hakusema, naye ni mimi. Nilikuwa nimebana midomo nikiangalia nguzo.

Makaburini mvua ilikuwa imerudi. Miavuli ilisimama kulizunguka kaburi, nami nikajibanza nyuma ya kwaya. Padri akasali, watu wakamfuata mpaka maovuni. Amina. Kisha pakawa kimya. Kilikuwa kimya kirefu, nikadhani kwaya imepotelewa na ukurasa, au wanangoja mvua ipungue. Padri alifunga kitabu akainamisha kichwa. Mwenyekiti alikuwa ng'ambo ya kaburi, ananitazama. Nikayasoma macho yake: usituaibishe mara ya pili. Maneno yote nilikuwa nayo, hadi kwenye meno. Nikatazama viatu vyangu, nikayameza.

Kwaya ikaanza kuimba. Udongo ukaanza kuingia.

Nilimuahidi mama yule. Alinishika mkono akaniomba kitu kimoja.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikufungua.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimefungua. Ndoo ilikuwa imefurika, sakafu yote maji. Nilikausha hadi kengele ziliponyamaza, nikaongoza ibada na suruali imekunjwa magotini. Sala niliifikisha kwa yule mwovu, nikaiacha hapo. Mto wake uko vilevile kwenye kiti, umeingia shimo kidogo katikati. Sikuugusa.

Jumapili, 2 Novemba

Leo mji mzima umekwenda makaburini na maua kuwaombea marehemu wao. Sisi hatuna siku hiyo. Sisi! Naendelea kuandika sisi.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilikwenda leo, wakiwa hawapo. Kaburi lake limejaa maua mazuri ya watu wengine. Nilisema Kwa kuwa yote, hadi mwisho, lakini hakuna aliyekuwa ameongoza sala, nikajiona kama mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Na ilitoka kwa ile sauti ya kuhesabia vifungo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Nimekosea kukata shingo ya kasula, nimenunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Historia ya mchungaji bado iko kwa yule seremala.

Jumatano, 12 Novemba

Mwenyekiti alikuja dukani. Alileta gauni la mama yake, la kijivu, alilokuwa akivaa Jumapili. Alitaka nishushe pindo, kwa sababu yeye ni mrefu zaidi. Nilimpima bila kumwangalia usoni. Nikiwa nimepiga magoti pale chini na pini zangu, nikaona afadhali niyatoe. Nikamwomba radhi kwa fujo niliyofanya kwenye misa.

"Ile si kitu," akasema. "Mama angecheka wiki nzima."

Akainama kunitazama pale chini.

"Mimi nakudai ile ya makaburini. Mama aliniambia, fundi. Nikamwomba padri, ukimaliza sala usiendelee, kuna mtu atajibu. Kwaya nikaiambia isianze mpaka niinue mkono. Tulikungoja. Watu wote wale wakanyeshewa, tunakungoja wewe, na wewe unaangalia viatu."

Nilibaki pale magotini. Nikamwambia nilidhani alikuwa ananikanya kwa macho.

"Nilikuwa nakuomba," akasema.

Alivua gauni nyuma ya pazia, akaniachia, akaenda. Sikushona tena leo. Miaka yote nimemwona mwanamke huyu anasimama nje ya mlango wetu, nikasema ni kiburi. Kumbe aliweza kunyamazisha padri na kwaya nzima kwa ajili ya sentensi moja isiyo yake, na mimi mwenye sentensi nikaogopa macho.

Jumapili, 16 Novemba

Ibada. Mimi. Manyunyu.

Jumamosi, 22 Novemba

Gauni limechukuliwa na mtumishi wa Mwenyekiti. Mwenyewe hakuja.

Jumatatu, 24 Novemba

Padri amechukua kasula. Imemkaa vizuri, hata shingo ile. Leo hakusema Tumsifu. Alisema, "Ilikuwaje Jumapili, fundi?" kama mtu anavyomuuliza mwenzake habari za mgonjwa. Nikamwambia nilikuwepo. Akaitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni nilimwita, nikamwambia milele amina. Aligeuka akanitazama muda, kisha akaenda zake taratibu na zambarau mkononi.

Jumapili, 30 Novemba

Jua limetoka tangu Ijumaa. Ndoo imekauka, ina alama ya kutu tu chini. Niliiondoa.

Kengele za kanisa kuu zililia kwa muda mrefu kuliko siku nyingine, ni Majilio, kisha zikanyamaza, nikaanza. Nimezoea sasa. Nasoma somo kwa viti, naviambia viti tuinuke, nainuka mimi. Niliingia kwenye sala nikiwa nimefumba macho, nikaifikisha kwa yule mwovu, nikanyamaza. Sikuwa namtegemea mtu. Ndivyo inavyosaliwa tu.

"Kwa kuwa ufalme ni wako," sauti ikasema mlangoni.

Sikufumbua macho. Ilikuwa sauti ya mwanamke, haina haraka. Ilisema nguvu, ikafika kwenye utukufu ikapanda ngazi ile ile, ikapumzika katikati kuvuta pumzi ambayo kifua chake kizima hakikuihitaji, ikamalizia juu. Hata milele. Haikuruka neno.

"Amina," nikasema, maana kwetu Amina ya mwisho ni ya kiongozi.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Alivaa lile gauni la kijivu, pindo nililolishusha linamgusa viatu.

"Alikuwa akitulaza nayo," akasema. "Baba hakupenda, kwa hiyo aliisema chini chini, taa ikishazimwa. Sisi tulikuwa tunamjibu tukiwa ndani ya mablanketi."

Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

"Nimefuata mto wake, fundi."

Niliuchukua kwenye kiti, nikaukung'uta vumbi, nikampelekea pale mlangoni. Nikamwambia apite ndani. Wazee walisema anayejibu mlangoni ni wetu, apewe kiti, na mimi nilimwonyesha viti vyote, achague. Akavitazama kimoja kimoja, hadi kile cha mama yake. Kisha akatikisa kichwa, akaubana mto kwapani, akarudi kichochoroni kwenda kwenye misa yake iliyokwisha kuanza.

Nikarudi mbele, nikaendelea na ibada kutoka pale tulipokuwa tumeishia.